Rafu ya Makaburini

Kompyuta iliyowaka asubuhi ile ilikuwa maiti. Fundi Alinanuswe alikuwa ameitangaza mwenyewe, akaichora msalaba wa chaki ubavuni na kuipandisha kwenye ile rafu ya nyuma anayoiita makaburini, ambako mashine hungoja kunyofolewa vipuri kimoja kimoja mpaka libaki sanduku tupu la kuwekea misumari. Leo alitaka pawa saplai yake tu, kile kisanduku cha kuingizia umeme. Akachomeka waya apime, na mashine ikalia mlio mmoja mfupi, feni ikazunguka, kioo cha chogo kikapata joto taratibu, na ile picha ya mawingu ikajaa kioo kizima. Akachomoa. Akachomeka tena. Mawingu yakarudi.

"Wewe si ulikufa?" akaiuliza.

Upande wa pili wa ukuta wa mbao, jikoni, mfuniko wa sufuria ulianguka na kuokotwa upesi. Alinanuswe aliusikia na hakuutilia maanani, jikoni ni jikoni. Yeye alikuwa ameukodolea macho ule msalaba. Chaki ni yake, mwandiko ni wake, na siku aliyouchora anaikumbuka vizuri kabisa. Sasa hii inawakaje?

Pale mtaani Maporomoko watu walikuwa wameshamzoea. Tunduma nzima inakimbilia vipya: simu mpya, luninga bapa, malori mapya yanayopanga foleni kungoja kuvuka mpaka. Yeye anakusanya vilivyopitwa na wakati. Alitoka Ileje akiwa kijana, akapata kazi ya kubeba mizigo kwa wakala mmoja wa forodha, na siku ofisi ilipobadilisha kompyuta zake akaambiwa azitupe zile za zamani. Alizipakia kwenye guta akazileta nyumbani. Mkewe Tumpale akauliza zinaliwa vipi. Hakuwa na jibu, ila alikuwa na bisibisi, na kwa kufungua na kufunga, kuunguza na kuunguliwa, akawa fundi.

Na wateja walikuwepo, tena si wachache. Kuna maghala ambayo mzani wake unasikilizana na kompyuta ya zamani tu, ukiupa mpya unanuna. Kuna ofisi zenye zile printa za kelele zinazokula karatasi ya matundu. Wafanyabiashara wa Nakonde walivuka mpaka wakimtafuta kwa jina la Ba Mudala, yaani mzee. "Ba Mudala, mulishani?" wangesema mlangoni, na kabla hajamaliza kuitikia salamu wameshatoa mfukoni kipuri kilichokufa, wanataka pacha wake. Alinanuswe angeenda makaburini, angeinua hiki na kusogeza kile, na pacha angepatikana. Hakuna duka la kuta za kioo pale mjini lililoweza kufanya hivyo.

Alikuwa na tabia moja kazini, nayo ni kusema na mashine. Si kunong'ona, ni kusema kwa sauti, kama daktari anayemweleza mgonjwa. "Wewe kapasita zako tatu zimevimba hapa karibu na feni. Nitakutolea za yule mwenzako wa posta, zina afya. Halafu nikusugue meno ya RAM kwa ufutio, yameota kutu." Tumpale aliwahi kumwambia kwamba majirani wanadhani ana mgeni humo ndani. Akajibu kwamba bila kusema hafikiri sawasawa.

Jambo jingine la kufahamu kuhusu nyumba ile ni kukohoa.

Kwa watu wa ukoo wake huko Ileje, baba mkwe na mke wa mwanawe hawaonani. Hawasalimiani, hawapishani mlangoni, mmoja hakalii kiti cha mwenzake, na mwanamke halitamki jina la mkwewe hata katika sala. Vijana wengi wamekwishaiacha mila hiyo, na Ipyana, mtoto wao wa pekee, alikuwa tayari kuiacha. Lakini alipopata kazi Kitwe na kumwacha mkewe Goodness hapo nyumbani, Tumpale alimfundisha binti yule kila kipengele, na Goodness, Mnyiha wa Hasamba aliyelelewa kwa adabu kwenye mashamba ya kahawa, alivishika vyote kuliko hata wenye mila yao. Akitaka kuvuka ua anakohoa. Alinanuswe akitaka kutoka karakana anakohoa naye. Kikohozi kwa kikohozi, wamekaa nyumba moja misimu miwili ya mvua, naye Alinanuswe hajui sura ya mkwewe zaidi ya kisigino kinachopotelea nyuma ya pazia. Anamjua kwa kandambili zake, na kwa ugali anaoukuta umefunikwa. Likiwepo neno la kusemwa, Tumpale analibeba. Na Tumpale akienda sokoni Nakonde na mchele wake wa Kamsamba, hakuna neno linalosemwa mpaka arudi.

Basi mashine ile ikafufuka, na Alinanuswe akajiambia amekosea. Fundi anakosea. Akaufuta msalaba kwa kiganja.

Haikupita wiki ikafufuka nyingine. Hii ilikuwa printa. Aliporudi kutoka kijiweni anakokunywa kahawa alikuta karatasi imechomoza ulimi, na ilipoguswa ikaanza kupiga kelele zake kama vile haijawahi kuumwa. Ikafuata kompyuta moja nzee sana aliyokwisha kuiahidi kuvunjwa. Akaigeuza, akaifungua, akamulika tochi: kapasita tatu ngeni karibu na feni, zimechomelewa vizuri kabisa, risasi ya kuchomelea inang'aa. Zilikuwa za mashine ya posta. Akakumbuka kabisa kwamba alisema atazibadilisha. Hakukumbuka kuzibadilisha.

Akakaa chini. Akazihesabu upya zote tatu.

Wakati huohuo mambo mengine yalikuwa yanakwenda kinyume: meza iliungua kwa pasi ya kuchomelea iliyoachwa inawaka, na mkoba wa bisibisi ukakutwa kwenye pipa la maji. Nesta, katibu wa kikundi cha wakulima wa kahawa cha Hasamba, alileta kompyuta ya mzani wa kikundi, Alinanuswe akaitengeneza, akamkabidhi na kumtakia safari njema. Baada ya siku chache Nesta akarudi na bodaboda, mashine ameikumbatia, uso umekunjamana.

"Fundi, umenipa sanduku."

"Sanduku gani tena?"

"Haina RAM. Fundi wa pale Vwawa kaifungua mbele yangu, kacheka mpaka nikaona aibu. Ndani weupe!"

Alinanuswe akaapa kwamba RAM aliiweka. Aliona vidole vyake vikiibana mpaka ikalia tak. Akamwomba Nesta aiache. Jioni Tumpale akachota sukari ya chai, kijiko kikagonga kitu, akatoa kile kibati cha kijani chenye meno ya dhahabu na kukiweka mezani mbele ya mumewe.

"Siku hizi tunakoroga na hiki?" alisema akicheka.

Alinanuswe akacheka pia, kwa sababu ndicho kilichotarajiwa. Usingizi haukuja usiku ule. Alikuwa anamwaza baba yake, mzee Asajile, ambaye miaka yake ya mwisho alichukua fimbo kila magharibi kwenda kuswaga ng'ombe waliouzwa zamani. Alikuwa anarudi amechoka, anasema leo wamekubali kuingia zizini. Hakuna aliyejua ugonjwa ule ulianza lini. Ulianza tu, kwa kusahau funguo na majina.

Sasa hapo ndipo akili ya fundi ilipogoma. Kama kichwa kimeanza kuondoka, angetegemea kuharibu. Ugonjwa gani huu unaoharibu kwa mkono mmoja na kutengeneza kwa mkono mwingine? Ugonjwa gani unaochomelea kapasita kwa ustadi ule? Na kama si ugonjwa, ni nini? Jirani mmoja alidokeza kwamba kuna mtu kamtumia kitu. Tumpale akataka waende kuombewa. Alinanuswe akauliza, mchawi gani huyo anayeamka kwao na kuja kumsaidia mtu kazi? Angekuwepo, Tunduma nzima ingempangia foleni.

Akaamua kujipima. Misalaba yote aliyochora kuanzia siku ile aliichora kwa mkono wa kushoto, ili akikuta mashine imefufuka ajue kama msalaba ni wa zamani au wa sasa. Mpango ulikuwa mzuri. Siku tatu baadaye alisimama mbele ya ile rafu ya makaburini na chaki, hakukumbuka kama mkono wa kushoto ulikuwa wa zamani au wa sasa, na chaki yenyewe alikuwa ameishika kwa mkono wa kulia. Akairudisha kwenye kopo na kutoka nje bila kukohoa. Alikumbuka akiwa ameshafika katikati ya ua, akasikia kandambili zikikimbia na mlango wa jikoni ukifungwa.

Hiyo ilimuuma kuliko ile RAM ya kwenye sukari.

Kompyuta ya Nesta nayo ikakataa. Aliirudishia RAM, ikawa kimya. Akatafuta asubuhi nzima, akisema kila anachokiona, mpaka akakasirika nayo, akachora msalaba na kumpigia Nesta simu kwamba mashine imekufa. Nesta akasema msimu wa kupokea kahawa unaanza, mzani wao hauelewani na kompyuta nyingine yoyote, na wakulima hawatamsikiliza yeye, watasema kaiuza. "Basi fundi," akasema, "kama wewe umeshindwa, nani ataweza?" Simu ikakatika. Alinanuswe alibaki ameishika sikioni.

Jioni ile akamwita Ngassa.

Ngassa alikuwa mtu wa Galula. Wazazi wake walihamia kule na ng'ombe, yeye akageukia machimbo, na kutoka machimbo akagundua kwamba bodi za kompyuta za zamani zina chembe za dhahabu kwenye meno yake. Alikuwa ananunua popote anapozipata, anazikwangua na kuzichemsha kwa dawa zake. Mara ngapi alikuja kumbembeleza Alinanuswe, na mara ngapi alifukuzwa! "Unachinja ng'ombe mzima kwa ajili ya kwato," Alinanuswe alikuwa akimwambia, na Ngassa, mfugaji wa kuzaliwa, alicheka mpaka akajishika mbavu, kisha akaja tena mwezi uliofuata. Sasa aliposikia "njoo uchukue zote" hakuamini. Akauliza kama kuna msiba.

"Sijui tena ipi nzima na ipi mbovu," Alinanuswe alimwambia Tumpale usiku wakati wa kula. "Fundi asiyejua hilo anafanya nini karakana? Nafunga."

Tumpale aliacha kutafuna. Alitaka kubisha, ila alimwona mumewe jinsi anavyoshika tonge bila kulichovya mchuzini, kama aliyesahau linakokwenda, naye akaogopa. Akasema, "Sawa, baba Ipyana. Utapumzika." Jikoni kandambili zikasimama.

Ngassa alifika Jumamosi asubuhi na kirikuu cha kukodi, kigari cha mizigo. Tumpale alikuwa ameshavuka kwenda Nakonde na mchele wake. Alidai wateja wanamsubiri, ukweli ni kwamba hakutaka kutazama. Ngassa akavua koti, akaanza kupakia. Vioo vya chogo hakuvitaka, vinakula nafasi. Masanduku alitaka kuyafungua palepale, atoe bodi na kuacha mabati. Alikuja na nyundo na koleo. Alinanuswe alikaa kwenye stuli yake akitazama kama mtu aliyeletwa kushuhudia jambo lisilomhusu. Bodi ya kwanza ikang'oka. Ya pili ikavunjika pembe. Kila moja ilipong'oka alijaribu kukumbuka ilitoka wapi, na nyingi alikumbuka: hii ya hospitali ya misheni, hii ya kiwanda cha mbao. Ya zamani yote yalikuwepo, safi kabisa. Ya wiki iliyopita ndiyo aliyoyatafuta hakuyaona.

Ngassa akaichukua ya Nesta, akaiweka mezani na kuinua nyundo.

Jikoni mtu akakohoa.

Ngassa akasita, akaendelea. Kikohozi kikarudi, kikubwa zaidi, halafu kingine, mfululizo, mpaka Ngassa akashusha nyundo.

"Mzee, humo ndani kuna mgonjwa?"

"Ni mkwe wangu," alisema Alinanuswe. "Anataka kupita." Akageuka akatazama ukutani ili mlango uwe huru. Hakuna aliyepita. Kikohozi kikaendelea. Ngassa, aliyeona kwamba amefanya subira ya kutosha, akainua tena nyundo.

"We kuku!" sauti ya mwanamke ikapasua mbao. "Kuku, nakuambia wewe! Hiyo mashine asiipige! Ni ya Nesta, na inawaka!"

Ngassa akamtazama Alinanuswe, akautazama ukuta, akachungulia chini ya meza.

"Kuku yupi?" akauliza kwa sauti ndogo.

Jikoni kulikuwa na kuku mmoja anayeatamia kwenye boksi karibu na jiko, na ndiye aliyekuwa anaambiwa. Alinanuswe hakuhitaji kufafanuliwa. Huko kwao, mkwe akilazimika kweli kweli kusema na mkwewe, na mbebaji wa maneno hayupo, huzungumza na kilichopo, kuku, chungu, hata mti, na mwenye masikio anasikia. Alikuwa amewaona bibi zake wakifanya hivyo. Hakutegemea kufanyiwa Tunduma, mbele ya mtu wa Galula.

Akainuka. Akaichukua mashine kutoka mezani mbele ya Ngassa, akachomeka waya. Mlio mmoja mfupi. Feni. Kisha ile programu ya mzani ikafunguka, na jina la kikundi cha Hasamba juu yake.

Akatupa macho kwenye msalaba aliouchora mwenyewe. Akarudi kwenye stuli.

"Kuku," akasema, "muulize huyo aliye huko. Nani kaitengeneza hii?"

Kuku akatoa mlio wa kuudhika.

"Kuku, mwambie mwenye nyumba kwamba kaitengeneza mwenyewe. Alisema shida ni betri ya saa imekufa na jampa, kile kipini kidogo cha kwenye bodi, imekaa vibaya. Alisema mara mbili. Akainuka kwenda kunywa kahawa, aliporudi akawa anatafuta upya mahali pengine. Mimi nimebadilisha betri. Nimerudisha jampa. Sijafanya kingine."

"Na printa?"

"Aliisema. Nilifanya alivyosema."

"Na ile nzee? Kapasita za posta?"

"Aliisema pia, baba. Karibu na feni, tatu. Ya kwanza niliiunguza. Nilijifunzia kwenye bodi mbovu, wakati ameenda kijiweni. Ukuta huu ni mbao tupu, nasikia kila kitu. Tangu nimekuja hapa nasikia. Nilikuwa napika huku nasikiliza, nikaona naelewa." Alikwisha kusahau habari ya kuku, akakumbuka. "Kuku, mwambie nisamehewe. Niliingia mahali pake. Nilikalia stuli yake. Hata mama sikumwambia, niliogopa. Ila nyundo nimeshindwa kuvumilia."

Alinanuswe akaanza kucheka. Alicheka kwa sauti kubwa, akijipiga mapaja, machozi yakimtoka, na Ngassa ambaye hakuelewa chochote akacheka naye kwa adabu. Raha iliyompata fundi yule haielezeki. Alikuwa na mtu! Si mchawi, si malaika, si kichwa kibovu. Ni mtu mwenye mikono, tena mikono mizuri, anayeishi nyumbani kwake na kumpikia ugali. Wiki zote zile za kujitilia shaka, za kujipima kwa chaki kama mtoto wa chekechea, na jibu lilikuwa nyuma ya ubao!

"Kumbe niko mzima!" akamwambia Ngassa. "Umesikia? Niko mzima kabisa. Ni mkwe wangu huyu. Kuku, mwambie simlaumu. Mwambie hata ile RAM kwenye kopo la sukari namsamehe. Kanifanya nikeshe!"

Jikoni hakuna aliyejibu.

"Kuku, umesikia? RAM ya Nesta. Aliitoa ili ajifunze, akaificha mle. Si ndiyo?"

Alinanuswe alibaki na tabasamu usoni, anangoja.

"Na ile siku pasi ya kuchomelea iliachwa inawaka, meza ikaungua. Alikuwa anaitumia yeye."

"Niliikuta," ilisema sauti. Ilikuwa imeshuka sana. "Nilisikia harufu nikaja nikaichomoa."

"Na ule mkoba wa bisibisi uliokuwa kwenye pipa la maji?"

Safari hii Goodness hakumtaja kuku. "Si mimi, baba," akasema. "Hizo zote si mimi. Ndiyo maana nilianza kuingia."

Ngassa aliacha kutabasamu kabla ya Alinanuswe. Akaangalia nyundo mkononi mwake kama hajui nani kampa, akaiweka chini polepole. Kisha akatoka nje, na ikasikika bodi moja ikishushwa kutoka kwenye kirikuu, halafu nyingine. Alizirudisha zote ndani, na zile alizokwisha kuzivunja pembe akazipanga peke yake karibu na mlango. "Mzee," akasema, "hizi nitakuja kuzifuata siku nyingine, ukipenda." Akashuka ngazi kwa ncha za viatu, na kirikuu kikaondoka bila kupiga honi.

Alinanuswe hakumpa hata buriani. Alikuwa anatazama mikono yake. Alikuwa anaogopa, na hofu yenyewe haikuwa ngeni, ilikuwa ile ile ya usiku wa sukari, ila sasa ilikuwa imekaa mahali pamoja na unaweza kuionyesha kwa kidole. Kwa hiyo ni kweli. Yameanza. Yeye anasema, anasahau, na nyuma ya ukuta mtu anaokota.

Kisha akainuka, akaiburuta stuli mpaka kona ya mbele, akaigeuza iangalie ukuta wa barabarani, akakaa mgongo ukiwa umeelekea mlangoni. Akakohoa.

"Kuku hafai kazi hii," akasema. "Haelewi chochote. Ingia, mama. Sitageuka."

Pazia lilichukua muda kusogea. Alisikia kandambili zikivuliwa mlangoni, miguu mitupu sakafuni, benchi likilalamika. Alisikia pumzi ya mtu aliyejaribu kutopumua. Hakugeuka.

"Unasikia milio?" akamwuliza. "Mashine inapowaka. Hilo ndilo la kwanza, na mimi sikuwahi kulisema, nilikuwa nasikia tu. Mlio mmoja mfupi, yuko mzima. Mirefu inayojirudia, ni RAM. Mmoja mrefu na miwili mifupi, hiyo ni kadi ya kioo. Sema."

Goodness akasema. Alisema vizuri, bila kukosea, na kwa lafudhi ya Kinyiha iliyomfanya fundi atabasamu kwa ukuta. Akamweleza jinsi ya kuijua pawa saplai iliyoungua kwa harufu kabla hujaipima. Akamweleza kwa nini bodi iliyolowa haianikwi juani. Maneno yalikuwa yanamtoka kwa haraka, kama mtu anayetoa vitu ndani ya nyumba wakati maji yanaingia, na kila alichosema Goodness alikirudia kwa sauti ya chini. Akafika kwenye kile kifaa kidogo cha kupimia umeme, chenye waya mbili, nyekundu na nyeusi, alichokishika kila siku ya maisha yake ya ufundi.

"Unachukua ile," akasema. "Ile ya... ile..."

Aliufungua mkono, akaufunga. Barabarani lori lilipiga honi, likapita. Neno halikuja.

"Testa," alisema Goodness.

"Testa." Akatikisa kichwa. "Unachukua testa."

Hakuendelea. Mabega yake yalikuwa yameshuka, na kwa muda alikuwa mzee sana pale kwenye kona, mzee kuliko miaka yake. Mila ilikuwa bado imesimama kati yao mahali pake, mgongo kwa uso, hatua chache za sakafu ya saruji.

"Mama," akauambia ukuta, "siku nitakayosahau, nikageuka nikakutazama usoni, usikimbie."

Nyuma yake bisibisi iliwekwa mezani. Goodness alikuwa analia na hakujaribu kuficha.

"Sitakimbia, baba."